Baraza ya Nyumbani: Vipara Katika Majani Aliyoyapanda Mama



Wasomaji wetu watukufu, katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja tuliyoisoma mara mbili, kisha tukaiweka kando ili tuijibu peke yake. Mwandishi wake ni kijana wa Tanga. Asema kwamba marehemu mama yake alikuwa na uwanja wa majani mbele ya nyumba, majani mafupi, membamba, yaliyoshikamana kama zulia, aliyoyapanda kwa mkono wake kibonge kwa kibonge, akayangoja miaka miwili mpaka yakafunika. Juu ya majani hayo ndiko walikokuwa wakitandikiwa mkeka alasiri wadurusu Kurani, na hapo ndipo wajukuu walipojifunza kutembea. Mama alipofariki watu walikuja kwa wingi, kama ilivyo ada yetu. Turubai likapigwa uwanjani, masufuria yakatelekwa juu ya mafiga, magari yakaingia mpaka karibu na baraza. Siku za msiba zilipokwisha na turubai likakunjwa, uwanja ulionekana una vipara vitano, na kimoja ni kikubwa kama mlango. Yapata miezi minane tangu siku hiyo, wala vipara havijaziba. Kaka zake wawili wamechoka kuvitazama, na wamekwisha zungumza na fundi aje amwage zege uwanja mzima. Kijana atuuliza mambo mawili: je, majani haya yaweza kurudi? Na kama yaweza, awaambie nini kaka zake?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, yaweza kurudi, isipokuwa penye kipara kimoja ambacho tutakifikia. La pili ni zito zaidi, maana hao wanaotaka zege hawana ubaya, wamechoka tu, na mtu aliyechoka humpenda fundi asemaye, "Jumamosi nitakuwa nimemaliza." Basi twamwomba kijana wetu asome taratibu, na ikiwezekana awasomee kaka zake, kwa sababu ndani ya jibu hili imo hesabu ya mifuko ya saruji.

Kwa sifa alizozieleza, majani hayo ni ya jamii ya zoisia, na kwa wembamba wake twadhani ni yale yaitwayo majani ya Manila. Jina la zoisia lilitolewa mwaka 1801 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Willdenow, kwa kumkumbuka Karl von Zois, mpenda mimea wa nchi ambayo leo ni Slovenia. Lakini asili ya majani yenyewe ni huko Asia ya mashariki na ya kusini, aghalabu karibu na bahari, na ndiyo sababu yavumilia joto letu, ukame wetu na upepo wenye chumvi. Yako ya aina mbalimbali. Yapo yenye jani pana kidogo, yastahimiliyo baridi, ambayo yalifika Marekani kutoka Asia ya mashariki. Mmoja wa waliokusanya mbegu zake alikuwa Frank Meyer, Mholanzi kwa kuzaliwa, aliyezunguka China na Korea akitembea kwa miguu kutafuta mimea, na ambaye mwisho wake ulikuwa katika mto Yangtze mwaka 1918. Jina lake limebaki katika aina moja ya majani hayo, na katika limau moja pia. Yapo tena majani membamba mno kama unywele, ambayo ndiyo mavivu kupita yote. Ya Manila ni ya katikati.

Tumetaja uvivu, na hilo ndilo jambo lenyewe. Zoisia hutambaa kwa vijiti, vingine juu ya ardhi na vingine chini yake, na kila kifundo cha kijiti hutoa mizizi na majani. Ukoka nao hutambaa vivyo hivyo, lakini ukoka ukiuacha wiki chache utaukuta umekwisha vuka njia; zoisia katika muda huo huo husogea upana wa kidole. Uvivu huo una heri yake: uwanja hauhitaji kukatwa kila wiki, majani hushikamana hata magugu yakakosa pa kuota, na mtoto akianguka huanguka juu ya zulia. Lakini jeraha likiingia hukaa. Kipara cha ukubwa wa kiganja hujiziba chenyewe ukikingoja. Kipara cha ukubwa wa mlango chaweza kukaa miaka. Wala usisahau hili, mwanetu: kwa majani yaendayo mbio, ukikosea kupanda utalijua kosa lako baada ya mwezi mmoja na nusu, ukarudia. Kwa haya, waweza kulijua baada ya mwaka. Kwa hiyo lililo muhimu kuliko kupanda ni kujua kwanza kila kipara kimetokana na nini. Na vipara vya kijana wetu, kwa alivyovieleza, havikutokana na jambo moja.

Viwili vi mahali palipokuwa na mafiga. Hapo udongo umechomwa. Moto wa kuni uliowaka siku tatu hauunguzi majani tu. Huua mizizi na vijiti vilivyo chini, huufanya udongo wa juu kuwa kama kigae, na huacha jivu. Jivu kidogo ni mbolea, jivu jingi ni magadi. Ukipanda juu yake, kibonge kitaishi wiki mbili kwa unyevu wake chenyewe kisha kitakauka, nawe utasema majani haya hayafai. Dawa yake ni jembe. Achimbe kina cha shubiri moja hivi, autoe udongo wote ulioungua pamoja na jivu na vipande vya makaa, aupeleke chini ya migomba, kisha alete udongo mzuri kutoka pembe nyingine ya kiwanja hicho hicho.

Cha tatu ni hicho kikubwa kama mlango, nacho ni njia ya magari. Hapo hapana moto wala jivu. Udongo umegandamizwa tu hata hewa na maji havipiti. Jaribio lake ni jepesi. Siku moja baada ya mvua achukue msumari wa inchi sita, auchomeke kwa mkono penye majani mazuri, kisha auchomeke penye kipara. Ukizama wote kule na huku ukagoma baada ya vidole viwili, ameujua ugonjwa. Alime kwa jembe la uma kina cha sentimita 15, avunje mabonge, achanganye samadi ya ng'ombe iliyokwisha oza kabisa, kiasi cha debe moja kwa kila mita moja ya mraba, kisha akanyage kwa miguu na kusawazisha. Samadi mbichi asiitie hata kidogo. Huunguza, na huja na mbegu za magugu.

Lakini juu ya kipara hiki twasema na kaka zake pia. Gari ikiendelea kupita hapo, kazi yote hii ni bure, na hakuna majani duniani yanayopenda gurudumu la kila siku. Kama nyumba ina gari, gari ina haki ya mahali pake, na hapa wanaotaka zege wana hoja. Basi na wamwage zege, ila mistari miwili tu, mahali magurudumu yapitapo, kila mmoja upana wa sentimita 45 hivi, na majani yabaki katikati na kando. Na hii ndiyo hesabu tuliyoiahidi. Tuseme uwanja ni mita 6 kwa 10. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya uwanja huo ni mita 6 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne, hiyo ni mifuko ya saruji ya kilo 50 ipatayo 40, mbali na mchanga, kokoto na fundi. Mistari miwili ya urefu wa mita tano ni mifuko mitatu. Mifuko mingine 37 na ikae dukani.

Tena zege la uwanja mzima lina mambo ambayo fundi hayasemi siku ya kupatana bei. Mvua ya masika inayoanguka juu ya majani huingia ardhini. Inayoanguka juu ya zege hutafuta njia, na njia yake ni ama mlangoni mwako ama ukutani kwa jirani. Na jua la Kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, hulichoma zege tangu asubuhi, nalo huurudisha moto huo barazani mpaka baada ya Isha. Mama hakuweka majani kwa pambo tu.

Kipara cha nne ki karibu na bomba, mahali masufuria yalipooshwa. Hapa twashuku mafuta, sabuni na dawa ya kufulia. Chumvi peke yake zoisia huivumilia kuliko majani mengi, lakini mafuta ya pilau yakiingia mchangani huufanya udongo ukatae maji. Amwage glasi moja ya maji polepole: yakisimama juu kama matone juu ya jani la mgomba, atoe tabaka la juu lenye mafuta, vidole vitatu au vinne. Yakizama, basi taka yenyewe imekwisha tiririka na mvua za miezi hii, na kilichobaki ni kuufua udongo: madebe mawili au matatu ya maji safi kwa kila mita ya mraba, siku tatu mfululizo, kabla ya kulima. Na tangu leo maji ya vyombo yaende kwingine. Maji ya udhu, kwa upande wake, hayana sabuni. Akichimba kijifereji kutoka mahali pa kutawadhia mpaka penye vibonge vipya, atapata umwagiliaji mara tano kila siku pasipo israfu.

Cha tano ki chini ya mwembe. Kijana mwenyewe akumbuka kwamba kilikuwako kabla ya msiba, na kwamba mama alipapanda mara mbili majani yakafa. Hiki ndicho tulichosema hakirudi. Zoisia huvumilia kivuli kidogo, lakini hutaka jua la nusu ya siku, na chini ya mwembe wa Tanga uliokomaa jua haliingii; tena mizizi ya mwembe hunywa maji kabla ya majani. Kumlaumu mtu au kujilaumu hapa hakufai. Pasipandwe kitu. Patandazwe majani makavu ya mwembe wenyewe, au kokoto ndogo, pawekwe benchi. Na mkeka wa alasiri utapata pahali penye kivuli.

Kwa wasomaji wengine wenye vipara visivyo na sababu inayoonekana, twaongeza neno. Kipara kinachozidi kupanuka kila wiki si cha moto wala cha miguu. Shika majani ya ukingoni uyavute juu. Yakinyanyuka kama mkeka, hayana mizizi, funua udongo utazame kama wamo mabuu meupe ya dundu, yaliyojikunja, wenye vichwa vya rangi ya kahawia. Mmoja au wawili si neno. Wakizidi watano au sita katika kipande cha futi moja kwa futi moja, hao ndio wala mizizi. Limua mahali hapo ukawafungulie kuku kwa siku mbili. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi kwa furaha kama hiyo. Ila kuku waingie kabla ya kupanda, si baada ya kupanda.

Sasa tufike penye kishawishi, na hapa twakiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nasi tulikuwa na kipara cha namna hii katika zoisia yetu, tukachoka, tukachukua ukoka wa kando ya barabara tukaujaza mle. Wiki tano hazikupita kipara kikawa kijani, nasi tukajipongeza, tukawaonyesha na wageni. Mvua ya pili ukoka ulikuwa umeingia katika zoisia kwa upana wa hatua moja. Mvua ya tatu hatukuweza tena kutenga hiki na kile. Kuung'oa haiwezekani, maana vijiti vyake hupita chini ya vijiti vya zoisia, na kipande kimoja kikibaki huanza upya. Tulitoa machozi na jembe, tukachimba robo ya uwanja, kipara kikawa mara kumi ya kile cha kwanza. Basi mtu yeyote, hata awe mtunza bustani mwenye sifa, akimwambia kijana wetu "tia ukoka, wazibe haraka," na amshukuru kwa adabu na amkatalie.

Na aijihadhari na ndago vile vile. Ndago huja ndani ya udongo na samadi ya kununua, ikiwa na vijibonge vidogo vyeusi chini ya ardhi kama shanga zilizotungwa. Ukivuta jani, shanga hubaki nayo huota tena. Kwa hiyo baada ya kulima vipara, asipande siku ile ile. Amwagie maji, angoje wiki mbili au tatu, ndago ichipue, aichimbue na shanga zake zote, arudie tena. Wiki hizo tatu si za kupoteza; ndizo zitakazomwokoa na kupalilia miezi sita.

Mbegu asizitafute. Majani ya Manila hupandwa kwa vibonge au kwa vitawi, si kwa mbegu. Zipo mbegu za ile aina yenye jani pana, lakini huota kwa shida na polepole, tena jani lake si moja na la mama. Kipara kitaziba na bado kitaonekana kama kiraka cha kitambaa kingine. Vibonge vyake avitoe katika uwanja wenyewe, mahali majani yaliponawiri wala hapatazamwi sana: kando ya ukuta, au nyuma ya tangi la maji. Hayo ndiyo majani yale yale aliyoyapanda mama.

Hesabu yake ni hii. Akate kipande cha mraba cha sentimita 30 kila upande, pamoja na udongo wake wa kina cha sentimita 5. Akikigawa kwa kisu kikali katika vibonge vya sentimita 5 kwa 5 atapata vibonge 36. Akivipanda kwa nafasi ya sentimita 15 kutoka kitovu cha kimoja mpaka kitovu cha kingine, vibonge hivyo 36 vitachukua karibu mita moja ya mraba, yaani mara tisa ya mahali vilipotoka. Tukikisia kwamba vipara vyake vinne ni mita 4 za mraba kwa jumla, atahitaji vipande vitano tu vya namna hiyo. Mashimo atakayoyaacha nyuma ya tangi ayajaze udongo mzuri. Nayo yatajiziba kwa wakati wake.

Mbona sentimita 15, wala si 30 kama wengi wafanyavyo kwa kubana vibonge? Tazama: kati ya vibonge viwili vilivyopandwa kwa nafasi ya 15 pana sentimita 10 tupu, na kila kibonge chatakiwa kwenda sentimita 5 tu kukutana na mwenzake. Kwa nafasi ya 30 kila kimoja chatakiwa kwenda sentimita 12 na nusu. Kwa mnyama aendaye kwa mwendo wa konokono, tofauti hiyo ni ya miezi mingi, na katika miezi hiyo magugu hayalali. Penye mafiga, ambapo kaka zake hutazama kila watokapo mlangoni, apande hata kwa nafasi ya sentimita 10. Kwa joto la pwani na maji ya kutosha, nafasi ya 15 aghalabu huziba kwa muda wa miezi minne mpaka sita, na penye udongo mbaya hata mwaka.

Wakati wa kupanda ni mvua za kwanza za masika, mwezi wa Machi, kabla mvua kubwa za Aprili hazijaanza kuchukua udongo. Vuli nayo yafaa, lakini baada yake huja ukame wa Kaskazi, na aliyepanda wakati huo ajiandae kubeba ndoo. Siku moja kabla ya kukata, amwagie majani anayotaka kuyakata, ili udongo ushike. Kila kibonge akitie katika shimo la kipimo chake, uso wa udongo wake ulingane na uso wa ardhi. Kikizama sana huoza, kikiinuka hukauka. Akikanyage kwa kisigino, kwa nguvu, maana hewa iliyobaki chini ya kibonge ndiyo iuayo zaidi kuliko jua. Mstari wa pili upishane na wa kwanza, kama matofali ukutani. Kisha maji papo hapo, asingoje kumaliza kipara kizima.

Wiki tatu za kwanza udongo usikauke: maji kila asubuhi, na jua likiwa kali alasiri tena, kidogo kidogo. Mwezi unaofuata siku moja atie, siku moja aache. Baada ya hapo mara moja au mbili kwa wiki, lakini maji mengi yazame chini, ili mizizi iyafuate. Asubuhi moja atayaona majani ya vibonge yamekuwa ya rangi ya majani makavu, na moyo utamwambia yamekufa. Na asivivute kuvitazama! Watoto wa nyumba nao wakatazwe, maana hakuna mtoto asiyependa kuvuta kibonge. Jani la juu laweza kukauka hali mizizi inafanya kazi chini. Angoje kijiti kipya chenye ncha nyekundu-nyeupe kitokeze ubavuni. Azungushe vijiti na uzi, watu wasipite muda wa wiki sita.

Mbolea ya dukani asiitumie mpaka wiki nne zipite. Hapo atie urea, kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa kwa kila mita ya mraba, juu ya majani makavu, kisha amwage maji mara moja, la sivyo itaunguza. Arudie baada ya miezi miwili, na basi. Wapo wadhanio kwamba mvivu akilishwa sana atakimbia. Zoisia ikilishwa sana haikimbii, hunenepa, hukusanya takataka kavu chini ya majani kama godoro, na maji hushindwa kupenya. Majani yakifika sentimita 5 ayakate yabaki 3 au 4, hata kama ni kibonge kichanga, maana kukatwa juu huyafanya yaende pembeni.

Kwa wasomaji wetu walio mbali, wakiwamo watu wengi wa lugha yetu waliohamia Louisville katika jimbo la Kentucky, Marekani, twasema neno moja tu: huko zoisia hulala. Baridi ya kwanza ikipiga, uwanja wote hugeuka rangi ya nyasi kavu mpaka joto lirudi. Wasidhani ni kipara. Wangoje uwanja uwe kijani, kisha wapande vibonge baina ya mwisho wa Mei na Julai, ili vishike kabla ya baridi nyingine.

Tumrudie kijana wetu. Kwa kaka zake, maneno mengi hayatafaa. Wao wameona vipara miezi minane na maneno hawakuyaona yakiota. Awaombe muda mpaka vuli, mwezi wa Oktoba, na awape mistari yao miwili ya zege mapema, hata kesho, ili wajue kwamba nao wamesikilizwa. Siku ya kupanda achukue kamba, apime kila kipara urefu na upana, apige mafundo, na aitundike nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mwezi ukiandama waitoe kamba wapime wote watatu, kutoka ukingo wa majani mpaka ukingo wa majani. Mwezi wa kwanza pengine hawataona kitu. Mwezi wa tatu fundo litakuwa limeachwa nje. Atuandikie Oktoba atueleze fundo la mafiga limefika wapi na la njia ya gari limefika wapi. Na kama kuna ambalo halikusogea kabisa, achimbe hapo shimo la kina cha shubiri, atuandikie udongo alioukuta chini ni wa rangi gani, na wanuka nini.